Sadaka na Hadiya: Neno kwa Anayekwenda Ugenini Kujitolea

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darasa letu la usiku wa Ijumaa lilizuka swali ambalo hatukuweza kulimaliza kwa kikao kimoja wala viwili. Kijana wetu mmoja, aliyekaa nasi darasani miaka minne, alikuwa amejitolea kwenda nchi ya Malawi kusomesha hesabu katika shule ya kijiji kimoja kando ya ziwa, upande wa Mangochi, na jioni kuwasomesha watoto Kurani. Muda wake ulikuwa miaka miwili, pasina mshahara, illa posho ya chakula. Tulimwombea dua, tukampa mkono wa kwaheri, tukarudi majumbani mwetu na furaha ya mtu aliyeona mti wake umezaa. Alifika huko mwezi wa Septemba. Mwezi wa Februari akatuandikia barua ndefu, na mwisho wa barua akauliza hivi: Je, mtu aliyeacha kwao akaenda kuwasaidia watu kwa ajili ya Mungu, aweza kuwa amewadhulumu?

Wako miongoni mwetu waliosema kuwa swali hilo halina maana, kwani amali zote hupimwa kwa nia, na nia ya kijana huyu twaijua kuwa ni safi. Wengine wakasema: nia ni baina ya mtu na Mola wake, lakini mkono wake humgusa mja, na mja aweza kuumia kwa mkono wenye nia njema kama anavyoumia kwa mwingine. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyafikia.

Kwanza yafaa msomaji ajue kuwa jambo hili la kujitolea ugenini, kwa sura tunayoiona leo, si la kale sana. Mwaka 1920 mtu mmoja wa Uswisi, Pierre Ceresole, alikusanya watu wa mataifa mbalimbali, na Wajerumani wakiwamo, wakaenda kujenga upya kijiji kilichobomolewa na vita karibu na Verdun katika nchi ya Ufaransa. Mwaka 1958 Waingereza walianzisha chama chao cha VSO, na mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani akaanzisha Peace Corps, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupelekewa vijana hao, nao walikwenda kusaidia kupima barabara. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa nao ukaamua kuwa na watu wake wa kujitolea. Basi sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuliijua kazi hii kwanza kwa upande wa kupokea. Siku hizi watoto wetu nao huenda, na yule aliyekuwa mwenyeji amekuwa mgeni wa wengine. Kwa hivyo swali la kijana wetu si lake peke yake.

Wala si swali jipya. Mwaka 1968 padri mmoja mwenye elimu, Ivan Illich, aliwahutubia vijana wa Marekani waliokuwa wakienda Mexico kujitolea, akawaambia maneno mazito: kwamba nia zao njema hazitoshi, na kwamba kama wataka kwenda, waende kama wageni na wanafunzi, lakini waache kwenda kama wasaidizi. Maneno yake yana haki nyingi ndani yake, nasi hatuoni haya kuichukua haki popote tunapoikuta. Lakini hatuwezi kuyakubali yote. Lau kila mtu angebaki kwao kwa kukhofu kuwaudhi watu, Mus'ab bin Umayr asingalikwenda Yathrib kabla ya Hijra kuwasomesha watu dini, wala Muadh bin Jabal asingalitumwa Yemen. Kwenda si kosa. Yafaa tutazame namna ya kwenda, na khasa namna ya kukaa baada ya kufika.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na yazidiyo hapo ni sadaka kwake, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Tazama jinsi mafundisho haya mawili yalivyo na mpango. Kwanza mtu huwa mgeni: hukaa, hula, huulizwa khabari za kwao, hujua mlango wa choo na njia ya kisimani. Kisha hupewa jembe. Jembe hupewa na mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemwonyesha shamba. Sasa huyu mwenye kujitolea huja na jembe lake begani tangu siku ya kwanza, na pengine ameshaambiwa na waliomtuma ni wapi atakapolima. Ameruka zile siku za ugeni. Na sisi twaona kuwa makosa yake mengi huzaliwa katika siku hizo alizoziruka.

Sasa tueleze aliyotuandikia kijana wetu, naye ametupa ruhusa.

Jambo la kwanza ni sahani. Mtu wa Malawi hula sima, ambayo wao huiita nsima, nayo haina tofauti kubwa na yetu. Lakini kuna miezi, tangu Disemba hata Machi, ambapo mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha na ya mwaka mpya bado yako shambani, na njaa huingia katika nyumba nyingi. Katika miezi hiyo jirani yake, mama mjane mwenye watoto watatu, alimletea sahani ya sima na dagaa wa ziwani ambao wao huwaita usipa. Kijana akaona vibaya kula chakula cha mayatima. Akairudisha sahani pale pale mlangoni kwa maneno ya adabu, akasema: Mama, wewe una watoto, mimi nina posho yangu. Yule mama akaichukua sahani yake, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakupita tena mlangoni pake, na watoto wake wakaacha kuja katika masomo ya jioni. Kijana akashangaa, mpaka mwalimu mkuu wa shule akamwambia: Umemwambia mbele ya watoto wake kuwa yeye ni maskini.

Jambo la pili ni karamu. Waislamu wa huko hulitumia neno letu hili hili la sadaka kwa karamu wanayowafanyia maiti wao, na huchinjwa, na hupikwa, na watu huja kutoka vijiji vya mbali. Kijana wetu, ambaye amesoma nasi na anajua tunayoyasema juu ya gharama za hitima, alialikwa katika karamu hiyo kabla hajatimiza mwezi. Akasimama akawakhutubia watu kuwa jambo hilo halina asili. Hakuna aliyemjibu. Walimaliza kula, wakaondoka, na kwa wiki nyingi aliposema msikitini watu walitazama chini.

Jambo la tatu ni pampu. Kijijini pana kisima chenye pampu ya mkono ya aina ya Afridev. Pampu hii haifai kuwa ngeni kwetu, kwani ilitengenezwa na kujaribiwa katika miaka ya 1980 huko Malawi na hapa kwetu katika vijiji vya Kwale. Waliyoibuni walikusudia kuwa watu wa kijiji, na khasa wanawake, waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa spana moja, wasingoje fundi wa mjini. Pampu ilipoharibika mpira wake wa ndani, kamati ya kisima, ambayo wengi wake ni wanawake, ilianza kukusanya fedha kidogo kidogo katika kila nyumba. Kijana akawaona akina mama wakibeba maji ya ziwani, na ukingoni mwa ziwa hilo kuna ugonjwa wa kichocho. Moyo wake haukustahimili. Akatoa fedha zote siku ile ile, mpira ukanunuliwa, maji yakatoka, na watu wakamshukuru. Mwezi wa Januari pampu ikaharibika tena, na safari hii hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Watu walikaa wakimngoja yeye. Posho yake ilikuwa imechelewa. Wiki tatu nzima watu waliteka maji ziwani, na pampu yenyewe ikaanza kuitwa pampu ya mwalimu.

Haya basi ndiyo yaliyomfanya aulize kama amewadhulumu watu. Nasi tulipoyatazama matatu haya tuliona kuwa shina lake ni moja: kijana wetu alikuwa tayari kutoa kila kitu, lakini hakuwa tayari kupokea chochote. Hakupokea chakula chao, wala hakutaka kwanza kuwasikiliza, wala hakuungoja mpango wao wa kujisaidia. Na mtu atoaye asipokee hujiweka juu ya wenzake bila kukusudia.

Hapa ndipo twataka msomaji atie akili yake yote. Katika dini yetu kuna sadaka, na kuna hadiya. Zote mbili ni kutoa, na zote mbili zina thawabu, lakini hazifanani. Sadaka huenda upande mmoja: humtoka aliyenacho ikamfikia asiyenacho, na mtoaji hangoji kitu illa kwa Mola wake. Hadiya huenda ikarudi. Mtu humpa mwenziwe kwa mapenzi na heshima, na mwenziwe naye siku nyingine humpa, na katika kwenda na kurudi huko watu wawili huwa ndugu. Mtume wetu hakuwa akila sadaka, lakini alikuwa akiikubali hadiya na kulipa mfano wake au zaidi. Na alisema kuwa lau angealikwa kwenye kwato ya mnyama, angeitikia.

Tukumbuke kisa cha Salman Mfarisi. Alikuwa mgeni aliyetoka mbali, na wakati huo alikuwa mtumwa, amenunuliwa kwa mali. Alitaka kumjua Mtume kwa alama alizoambiwa, basi akamletea tende akasema kuwa ni sadaka. Mtume akawapa masahaba zake wale, yeye asile. Siku nyingine akamletea tena, akasema kuwa ni hadiya, na Mtume akala pamoja nao. Watu hukisimulia kisa hiki kama dalili ya utume, nacho ni dalili kweli. Lakini tazama na jambo jingine lililomo ndani yake. Mtume hakumwambia Salman kuwa wewe ni mtumwa, tende zako ni chache, zirudishe ukale mwenyewe. Alizila. Akamfanya mtumwa kuwa mtu wa kutoa, na mtu wa kutoa ana heshima yake. Kisha ulipofika wakati wa Salman kujikomboa, masahaba walimkusanyia miche ya mitende, kila mtu kwa kadiri yake, na Mtume akaipanda kwa mkono wake. Basi alipewa na yeye ambaye alikuwa ameshatoa. Hapana aliyekuwa juu wala chini.

Yule mama wa Mangochi hakuleta sadaka. Alileta hadiya, na kwa hadiya hiyo alikuwa akisema: Wewe ni jirani yangu, na mimi nina nyumba inayoweza kumlisha mgeni. Kijana wetu akaihisabu kwa hesabu ya sadaka, akapima nani anacho na nani hana, akairudisha. Hesabu yake ilikuwa sahihi, naye alikosea.

Mmoja wetu akatoa hoja nzuri. Akasema: Je, hatukufundishwa kuwa mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini? Basi kijana amekosa nini kwa kuuweka mkono wake juu? Tukamjibu kuwa mafundisho hayo yamekuja kumzuia mtu asiombeombe na hali aweza kufanya kazi, wala hayakuja kumfundisha tajiri kuutafuta urefu juu ya watu. Na mtu akiufahamu ubora wa mkono wa juu kwa ukweli, atataka ndugu yake naye aupate. Atautaka mkono wa mjane uwe juu siku moja, na wake uwe chini. Anayeuzuia mkono wa wengine usipande hata kwa sahani moja amejifungia fadhila peke yake, na huo ni uchoyo uliovaa kanzu ya ukarimu. Na Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul-Baqara kuwa sadaka inayofuatwa na masimango na udhia hubatilika. Udhia si lazima uwe tusi. Waweza kuwa neno la adabu lililosemwa mlangoni.

Kuna sura fupi ambayo wengi wetu huisoma katika sala bila kuizingatia, nayo ni Suratul-Ma'un. Masahaba wamelifasiri neno hilo kuwa ni vitu vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana: ndoo, chungu, shoka. Wenye kuvizuia wamelaumiwa pamoja na wenye kusali kwa ria. Basi tukafikiri: ikiwa kuzuia ndoo ni kosa, je, mtu ambaye haazimi kamwe, aliyekwenda na ndoo yake na chungu chake na dawa zake zote sandukuni ili asimsumbue mtu, hakuwafungia majirani mlango wa ma'un? Tuliona kuwa amefunga. Maisha ya kila siku ya ugenini, yaani kuuliza njia, kuomba chumvi, kukosea salamu watu wakacheka, kuugua na kuuguzwa, hayo ambayo mwenye kujitolea huyaona kuwa ni taabu za mwanzo tu kabla ya kazi yenyewe, sisi twaona kuwa ni nusu ya kazi. Hapo ndipo sadaka yake hugeuka kuwa hadiya.

Hata katika mambo ya kurekebisha dini mpango ni huo huo. Mus'ab bin Umayr alipokwenda Yathrib alifikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara, akawa mgeni wake. Usayd bin Hudhayr alipomjia kwa hasira na mkuki mkononi, Mus'ab alimtaka akae kitako asikilize, likimpendeza jambo alikubali, na likimchukiza wataliacha. Akakaa, akasikia, akasilimu. Mtu aliyekaa chini ya dari ya wenyeji, na kula chao, na kukubali kuambiwa nyamaza, huyo hupata ulimi. Hatusemi kuwa kijana wetu alisema uwongo katika ile karamu. Kumtwisha mfiwa gharama ni jambo tunalolikataa hapa kwetu, na tutaendelea kulikataa. Lakini alisema kabla hajazika nao hata maiti mmoja. Na Muadh na Abu Musa walipotumwa Yemen waliusiwa wafanye mepesi wala wasifanye mazito, na wabashirie kheri wala wasiwakimbize watu.

Sasa tumefika kwenye jambo zito zaidi, ambalo kijana aliliandika mwisho wa barua kwa herufi ndogo. Mzee mmoja alikaa naye katika baraza ya msikiti baada ya sala ya alasiri, akamuuliza atokako. Alipojibu kuwa ni mtu wa Mombasa, yule mzee akasema bila hasira: Watu wa pwani walikuja hapa zamani. Walitufundisha kusali, na walitununua.

Mzee huyo hakusema illa kweli. Katika miaka ya 1840 mtu wa pwani aitwaye Salim bin Abdallah alijenga Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa hilo hilo, akajulikana kwa jina la Jumbe. Majahazi yake yalivusha watu na pembe za ndovu mpaka ng'ambo ya ziwa, na kutoka huko misafara ilishuka hata Kilwa. Dini ilipita katika njia hiyo hiyo, na Wayao wengi wakasilimu. Wengi wa waliochukuliwa waliletwa kulima mashamba ya huku kwetu. Na si mbali, ndugu msomaji. Ukivuka daraja la Nyali umefika Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamishonari kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na miongoni mwao walikuwamo Wayao na Wanyasa. Utumwa haukufutwa kisheria katika nchi hii mpaka mwaka 1907.

Kijana alituuliza amjibu nini mzee yule. Wako miongoni mwetu waliosema: amwambie kuwa machifu wa Kiyao nao walikuwa wakiuza watu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini hakuna aliyeiuliza. Wengine wakasema: hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine, na sisi hatukumuuza mtu. Hilo nalo ni kweli, na ndilo fundisho la Kitabu. Dhambi hairithiwi. Lakini wako waliorithi mashamba, na wako waliorithi majina makubwa, na wako waliorithi kuitwa waungwana. Mtu hawezi kuukubali urithi wa babu yake katika nyumba na kuukataa katika deni. Na wanavyuoni wetu wamesema kuwa mwenye deni hatangulizi sadaka, bali hulipa kwanza. Basi mtu wa pwani anapokwenda kando ya ziwa lile na mikono yake imejaa, ajue kuwa haendi mahali ambapo daftari ni jeupe. Akilijua hilo halitamzuia kufanya kazi, bali litamwondolea ule ushujaa wa bure ambao humfanya mtu atembee kati ya watu kama mfadhili wao.

Tukamwandikia hivi: Usimjibu mzee. Mwambie kuwa umesikia, kisha kaa naye tena kesho. Wala usikimbilie kumwomba msamaha ili moyo wako upate wepesi, kwani hapo utakuwa umemtaka yeye akupe tena.

Lakini si haki kumlaumu mgeni peke yake, kwani wenyeji nao wana wajibu, na sisi tulikuwa wenyeji wa watu kama hawa kwa miaka mingi, twazijua aibu zetu. Wajibu wa kwanza wa mwenyeji ni kumwambia mgeni kweli. Sisi humchekea mgeni, humsifu kwa kila neno, na akiondoka humcheka. Yule mwalimu mkuu aliyemwambia kijana wetu kosa lake alimfanyia wema mkubwa kuliko wote waliomshukuru kwa mpira wa pampu. Wajibu wa pili ni kutomfanya mgeni kuwa sanduku la fedha. Kijiji kilichokuwa na kamati yake, na spana yake, na desturi yake ya kukusanya, kikaacha vyote kwa sababu amekuja mtu mwenye posho, nacho kimejidhulumu. Na wajibu wa tatu ni kumpa jembe: kumwonyesha shamba ambalo kweli lataka kulimwa, na kumwambia wazi lile ambalo halimhusu.

Msomaji atataka kujua yaliyofuata. Kijana hakuirudia ile sahani kwa maneno. Alikwenda mwenyewe mlangoni kwa yule mama, akaomba chumvi. Akapewa. Baada ya siku chache akaomba kuazima kinu. Watoto wawili wamerudi darasani, na yule mkubwa bado hajarudi. Kamati ya kisima ilikaa, kila nyumba ikatoa fungu lake, naye akatoa fungu moja kama nyumba yoyote, hakuzidisha. Siku ya kufungua pampu akina mama walimshikisha bomba, wakamfundisha jinsi ya kuvuta, na mikono yake ikapata malengelenge, nao wakacheka sana. Juu ya karamu za maiti bado hajasema neno jingine. Huenda makaburini, huchimba pamoja na vijana, hukaa na wafiwa. Siku ya kusema ikija atasema, na sisi hatukumharakisha.

Swali lake tulimjibu kuwa ndiyo, yawezekana kuwadhulumu watu kwa wema, na dhulma yenyewe ni kuwanyima nafasi ya kuwa wema kwako. Na toba yake si kurudi nyumbani. Toba yake ni kujifunza kupokea.

Tukaliandika jibu hilo, kisha mmoja wetu akauliza swali lililotunyamazisha wote. Akasema: Tumemfundisha kijana aende umbali wote ule awe jirani wa Wayao, na baina yetu na Freretown pana daraja moja tu. Ni nani katika sisi aliyekula katika nyumba ya huko? Ni nani aliyealikwa akaenda, au aliyeomba chumvi? Na ni mara ngapi tumesikia katika mabaraza yetu, likija suala la posa, mtu akiulizwa asili yake kwa jicho la pembeni, na hali sote twasoma kuwa hapana ubora illa kwa uchamungu?

Hatukuwa na jibu siku ile. Tumekubaliana tu kuwa darasa letu, ambalo miaka yote limekaa katika ukumbi mmoja likiwangoja watu waje, litavuka daraja mara moja kila mwezi, na likifika huko lisifike kusomesha kwanza. Tutakaa tukaribishwe.

Mwenyezi Mungu atupe mikono inayojua kutoa bila kupanda juu, na kupokea bila kuona haya, na amhifadhi kijana wetu na wenyeji wake, na atulipie madeni tunayoyajua na tusiyoyajua. Amin.